Redio ya seti ikigoma: tafuta chanzo kabla ya kuiita mbovu

Mabegi yakirudi kutoka lokesheni huwa nayamwaga mezani na kukagua redio moja moja. Karibu kila mara nakuta mbili tatu zimebandikwa utepe wenye neno moja tu: MBOVU. Nakodisha redio na intakomu kwa kruu za filamu, tamthilia na matangazo hapa Dar es Salaam na Zanzibar, na nasema kwa dhati kwamba nyingi kati ya hizo hazina ubovu wowote. Betri ilichoka, plagi ya kisikio haikuingia sawasawa, mtu alizungusha kitasa cha chaneli bila kujua, au katikati palikuwa na ukuta. Lakini pale seti, kijana aliyekuwa anazuia magari hakusikia neno "kata", na hilo si jambo dogo. Redio ndiyo inayomwambia dereva wa tukio la hatari asiondoe gari kwa sababu mtoto anavuka. Ndiyo maana nataka kila anayekodi ajue kuuliza inafanya nini, badala ya kusema imekufa.

Njia yangu ni ya mpangilio. Chukua redio inayosumbua na nyingine unayoiamini, wekeni hatua kumi kati yenu, kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati. Anza na betri. Halafu chomoa kisikio, ongea na usikilize kwa redio yenyewe. Halafu antena, halafu chaneli. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo tatizo linaweza kuondoka bila kukuambia lilikuwa wapi, na jioni litarudi.

Inasikia vizuri, ukibonyeza kuongea inazima

Hiyo ni betri, na sihitaji hata kuiona. Redio ikisikiliza hula umeme kidogo sana, lakini ikitoa mawimbi ya wati 4 au 5 hula zaidi ya ampea moja kwa mkupuo. Betri iliyozeeka inamudu kusikiliza, ila mzigo wa kuongea ukija volti zinaporomoka na redio inajizima. Watu hunibishia: "Kaka, mbona chajani ilikuwa kijani?" Kijani maana yake ni kwamba betri imejaa kwa kadiri inavyoweza kujaa. Iliyobaki na uwezo wa kikombe itajaa kikombe, tena haraka kuliko wenzake. Kwa hiyo betri inayowahi kuwa kijani kuliko zote chajani ndiyo ya kutiliwa shaka. Iandike namba kwa kalamu ya wino mzito na uiweke pembeni.

Sababu nyingine ya asubuhi ni jenereta. Chaja zilichomekwa usiku, jenereta likazimwa saa nne ili kuokoa dizeli, na hakuna aliyekumbuka betri. Pia msichajie ndani ya gari lililofungwa juani. Betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 40 hivi, na Coaster iliyoegeshwa Bagamoyo saa nane mchana inapita hapo bila shida. Kruu inayotoka Marekani na chaja zake isome maandishi ya chini kabla ya kuchomeka: yakisema 120V pekee, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza. Yakisema 100–240V, hakuna neno.

Na usisahau vishikizo vya shaba kati ya betri na redio. Jasho na vumbi huvipaka utando. Kifutio cha penseli na kitambaa chenye spiriti vinatosha.

Unaongea, hakuna anayekujibu

Kwanza tazama kitasa cha chaneli, kwa macho, usiulize. Redio ikivaliwa kiunoni kitasa kinasuguana na mkanda au mlango wa gari na kuhama kutoka 1 kwenda 2. Kama wote mko chaneli moja, angalia taa ya redio ya mwenzako wakati wewe unaongea. Ikiwaka kuonyesha kuna mawimbi yanayoingia huku spika iko kimya, hapo tatizo ni toni. Redio za analogi hupewa toni ya chini isiyosikika, kuanzia hezi 67.0 hadi 254.1, ambayo ni kama ufunguo: redio haifungui spika mpaka isikie toni yake. Redio mbili zenye masafa (frikwensi) yaleyale na toni tofauti zinapokeana, ila hazifunguliani mlango.

Hili hutokea sana prodakshen inapokodi redio ishirini kwa mtu mmoja na kuongezea kumi kwa mwingine. Namba ya chaneli ikifanana, watu hudhani kila kitu kimefanana. Namba ni jina tu. Kilichoandikwa ndani ya redio ya jirani yangu kwenye chaneli 1 kinaweza kuwa tofauti kabisa na changu. Zileteni zote kwa fundi mmoja siku moja kabla, aziandike kwa programu moja.

Dalili mbili ndogo za familia hiyohiyo. Sauti ikitoka ndogo na ya mbali, au upande wa pili inakwaruza kama imebanwa, upana wa chaneli umetofautiana: moja imewekwa kilohezi 12.5, nyingine 25. Na ukisikia mngurumo mkavu kama pikipiki inayounguruma bila kuondoka, hiyo ni redio ya dijitali inayosikika kwenye ya analogi. Kwa zile za dijitali za mfumo wa DMR, hakikisha pia kodi ya rangi, ambayo ni namba kati ya 0 na 15, na nafasi ya muda, ya kwanza au ya pili. Moja ikipishana, mtabaki kimya wote wawili mkiwa mmesimama bega kwa bega.

Chaneli imeshikwa na haiachiliwi

Hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu linawaziba masikio watu wote kwa pamoja.

Siku moja kwenye upigaji wa nje ya mji, chaneli 1 ilishikwa tukiwa katikati ya tukio lenye magari. Mwongozaji msaidizi akawa anapaza sauti redioni, "Aliyeshika redio aachie!" Nilikuwa karibu nikamwambia, "Dada, huyo hakusikii." Redio inayotoa mawimbi haipokei. Unavyozidi kumpigia kelele ndivyo wote mnavyozidi kugongana hewani na yeye yuko peponi. Tukanyamaza tukasikiliza. Kulikuwa na taarabu kwa chini, feni ya kiyoyozi, na mlio wa indiketa: tik, tik, tik. Basi ni gari, na injini inawaka. Tukamtuma kijana kwa miguu kwenye mstari wa magari, akakuta redio imelazwa kati ya viti vya Noah, kichwa cha mkanda wa usalama kimekaa juu ya kitufe. Dereva alikuwa nje, akizungumza na wenzake.

Kwa hiyo panga mapema. Kabla ya siku ya kwanza wote wajue kwamba chaneli 1 ikishikwa wanahamia 2 bila kuambiwa. Mkifika 2, mtu mmoja aite orodha ya idara: kamera, taa, sauti, mavazi, magari, chakula. Asiyeitikia ndiye mwenye redio iliyoshikwa, au yuko karibu nayo. Wakati huohuo sikilizeni chaneli 1 kwa redio moja, maana sauti za nyuma zinakueleza mahali. Redio yenyewe ukiipata utaitambua: taa ya kuongelea inawaka na mgongo una joto.

Mara nyingine hakuna aliyekalia chochote. Kitufe cha kisikio kimeingia jasho au soda na nyaya zake zinagusana kwa ndani. Chomoa plagi, taa ikizima, kosa ni la kisikio. Taa ikiendelea, ni kitufe cha redio yenyewe. Bonyeza na uachie mara kadhaa ukisikiliza kama kinarudi kwa mlio mkavu. Kinachorudi polepole, kama kimepakwa asali, kina kitu kimekauka chini ya mpira wake.

Mwombe anayekukodishia aweke kikomo cha muda wa kuongea, sekunde 60 zinatosha. Zikipita, redio inakata yenyewe na kulia. Hakuna mtu wa seti mwenye jambo la kusema mfululizo zaidi ya dakika moja kwenye chaneli ya wote. Akiwa nalo ahamie chaneli ya mazungumzo.

Kisikio kimoja kinapiga, kingine kimya

Plagi za pini mbili hazifanani. Za Kenwood, ambazo pia hutumika kwenye Baofeng nyingi, na za Motorola za pini mbili zinakaribiana kwa sura, lakini nafasi kati ya pini si ileile. Mtu akilazimisha, tundu linapanuka na kuanzia hapo hata plagi sahihi inacheza. Ukiona inabidi kusukuma kwa kidole gumba, acha.

Kama plagi ni sahihi na sauti ni hafifu, tazama mrija wa plastiki unaopanda sikioni. Uinue kwenye mwanga. Utaona tone la jasho limekaa kwenye mkunjo, au nta imeziba mdomo. Uchomoe, upulize, uuoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uukaushe kabisa ndipo uurudishe. Na ncha ya sikioni iwe ya mtu mmoja. Naona watu wanapokezana visikio kama kikombe cha kahawa ya mtaani, na magonjwa ya masikio yanahama nao. Ukikodi, dai ncha mpya kwa kila mtu. Ni kitu cha bei ndogo.

Inashika hapa, ukipita kona inapotea

Kazi ya Mji Mkongwe ndiyo iliyonifundisha hili. Kutoka Forodhani mpaka Darajani haifiki hata kilomita, na kruu iliyotoka bara na redio za VHF ilishangaa kwamba watu wa upande mmoja hawasikii wa upande mwingine. Nyumba za pale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa pande zote. Mawimbi ya VHF ya megahezi 150 hivi yana urefu wa mita 2. Ya UHF ya 450 yana sentimita 67 hivi. Mafupi yanajipenyeza kwenye milango na madirisha na kudundadunda kwenye vichochoro. Marefu yanapenda uwazi: mbuga, shamba la mkonge, bahari. Ndani ya mji na majengo kodi UHF. Porini VHF inaenda mbali zaidi.

Hata UHF ikizidiwa, kabla ya kutafuta mashine jaribu mtu. Mweke kijana mmoja makini juu ya paa la hoteli refu lililo katikati, apokee neno huku alirushe kule, vilevile alivyolisikia, bila kuongeza. Imeniokoa mara nyingi. Ikiwa kazi ni ya wiki mbili na sehemu ni nyingi, hapo kodi ripita: inapokea kwa masafa moja na kurusha kwa mengine, na antena yake inakaa juu. Ripita ikigoma, dalili ni kwamba redio zote zinanyamaza kwa pamoja, hata za watu waliosimama jirani. Ndiyo maana huwa naacha chaneli 16 ikiwa ya moja kwa moja, isiyopitia ripita. Mkihamia 16 mkasikilizana, nenda kaangalie umeme wa ripita na kebo ya antena, redio ziko salama.

Kwa matukio ya jahazi, kumbuka kwamba dunia ina mkunjo. Antena zikiwa mita 1.5 juu ya maji pande zote mbili, upeo wa mawimbi ni kilomita 10 hivi, na hiyo ni kwa hali nzuri. Mpandishe mmoja mpaka mita 9 na inafika 17 hivi. Kuongeza wati hakuuondoi mkunjo huo; kupanda juu ndiko kunakosaidia.

Mengine ya umbali ni ya mikono yetu. Mtu anabeba redio kwa kushika antena kama mkia wa samaki, na siku moja inakatika kwa ndani huku ngozi ya nje iko nzima. Itikise taratibu ukiwa unapokea. Sauti ikija na kupotea, badilisha antena. Mwingine amefunga antena ya VHF kwenye redio ya UHF kwa sababu nyuzi zake zinaingia. Na redio iliyo kiunoni mwilini hupoteza nguvu nyingi, maana mwili hunyonya mawimbi. Ukiwa pembezoni, itoe mkandani na uisimamishe usawa wa uso.

Fundi sauti analalamika

Msikilize, hasemi kwa kukuchukia. Redio ya wati 4 ikibonyezwa karibu na kigari chake, kebo za maikrofoni zinageuka antena. Analogi hupiga kishindo kimoja wakati wa kubonyeza na kingine wakati wa kuachia. DMR inarusha kwa vipande vya milisekunde 30, kwa hiyo yeye anasikia mtetemo kama bajaji. Shusha nguvu ya redio za walio karibu naye hadi wati 1, na mkubaliane duara la mita tano ambalo ndani yake hakuna anayebonyeza kamera ikiwa inazunguka. Ukipewa nafasi ya kuchagua masafa ya UHF, usijisogeze karibu na megahezi 470, kwa sababu maikrofoni nyingi zisizo na waya huanzia hapo kwenda juu.

Intakomu ya waya: mluzi, mvumo, na mtu wa mwisho asiyesikika

Kwenye tamthilia za kamera nyingi na matamasha, waongozaji hutumia visanduku vya kiunoni vilivyounganishwa kwa kebo ya XLR ya pini 3. Katika mfumo wa aina ya Clear-Com, pini 1 ni ardhi, 2 inabeba umeme wa volti 30 hivi, 3 inabeba sauti. Mfumo wa aina ya RTS wenye chaneli mbili huweka sauti ya kwanza pamoja na umeme kwenye pini 2, na ya pili kwenye pini 3. Ukichanganya visanduku, taa inaweza kuwaka huku mazungumzo ni hafifu au hayapo. Taa isikudanganye. Na kwa sababu kebo hizi ni sawa na za maikrofoni, zifungieni utepe wa rangi. Volti 30 si za kupelekwa kwenye tundu la maikrofoni ya mtu.

Mluzi ukianza, zimeni maikrofoni zote, kisha mwasheni mmoja mmoja. Mara nyingi utakuta hedseti imelazwa mezani, maikrofoni imegusa kikombe chake cha sikio na iko wazi. Kama si hivyo, angalia ukamilisho wa laini. Kila chaneli inahitaji kizuizi kimoja cha omu 200, na kwa kawaida kimo ndani ya kituo kikuu. Kikikosekana, sauti inakuwa kubwa kupita kiasi na mluzi haukomi. Vikiwa viwili, kwa kuwa umeunganisha vituo viwili na vyote vimewashwa ukamilisho, kila mtu anasikika kama yuko chumba cha pili.

Mvumo hutoka kwenye umeme wa taa. Kebo ya intakomu iliyolala sambamba na ya taa mita thelathini itavuma tu. Zitenganishe, na zikipishana zipishane kwa msalaba. Kama vituo viwili vinachukua umeme kutoka vyanzo tofauti, kimoja jenereta na kingine jengo, vihamishie chanzo kimoja kabla ya kuhangaika na kebo. Chunguza pia plagi zilizotengenezwa mtaani ambazo fundi ameunganisha pini 1 na gamba la chuma: gamba likigusa jukwaa, mvumo unaingia.

Mtu wa mwisho kwenye laini ndefu akisikika kwa kufifia, kituo kimezidiwa visanduku au kebo imekula volti njiani. Mlete karibu na kituo kwa kebo fupi. Akipona, kosa si lake.

Intakomu zisizo na waya zina swali moja la kwanza: zilinunuliwa wapi? Nyingi hutumia mfumo wa DECT, ule wa simu za nyumbani zisizo na waya. Za Ulaya zipo kati ya megahezi 1880 na 1900, za Marekani 1920 hadi 1930, na kuanzia 1920 ndiko simu za 3G hurushia kwenda mnarani. Seti ya Marekani ikikatikakatika jirani na umati wenye simu, sababu ndiyo hiyo, na nayo pia inawasumbua wenye simu. Za gigahezi 2.4 huteswa na Wi-Fi ya seti yenyewe.

Mnasikia wageni

Walinzi wa ghorofa la jirani wakiingia kwenye chaneli yenu, kuweka toni kutawanyamazisha masikioni mwenu, lakini hakuwaondoi hewani. Mkiongea kwa pamoja bado mtagongana. Dawa ni masafa yenye leseni. Kwetu yanatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na Kenya kuna Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mwulize anayekukodishia akuonyeshe karatasi. Redio ndogo za dukani za Marekani za megahezi 462 na 467, zinazoruhusiwa kwao bila leseni ya mtu binafsi, haziji na ruhusa hiyo hapa, na zinaweza kuangukia kwenye masafa ya mtu anayeyalipia.

Imeanguka baharini

Zima na toa betri hapohapo, ukiwa bado umesimama majini. Usijaribu kama inawaka. Redio yenye alama ya IP67 imepimwa kwa mita 1 ya maji kwa dakika 30, lakini kipimo hicho ni cha maji yasiyo na chumvi, na chumvi ikikauka kwenye vishikizo inavila. Iogeshe kwa maji safi ya bomba, nje tu, pamoja na tundu la kisikio ikiwa kifuniko kilikuwa wazi. Isiyo na alama hiyo ifutwe na isiwashwe kabisa. Isizikwe kwenye mchele: unga wake unaingia kwenye spika na chumvi inabaki palepale. Ifunge kwenye kitambaa kikavu, andika kwenye utepe saa iliyoanguka na kama ilikuwa imewashwa, na uniletee siku hiyohiyo, si mwisho wa kazi. Nikiipata kabla ya usiku naifungua, naosha bodi kwa spiriti, na mara nyingi asubuhi inaongea.